Kinga ya VVU Haianzii Hospitalini

Miongoni mwa maoni yaliyopata nguvu katika mipango ya afya ya Tanzania na ya nchi jirani, hasa tangu fedha za wafadhili zilipoanza kupungua, yapo yanayodai kwamba asasi za kijamii zinazotoa huduma za kinga dhidi ya Virusi vya UKIMWI (VVU) ni nyingi kupita kiasi, kwamba zinarudia kazi moja katika kata moja, na kwamba busara ni kuzipunguza, kuziunganisha ziwe moja, au kuihamishia kazi yao yote kwenye hospitali na vituo vya afya vya umma. Maoni haya husemwa kwa lugha ya ufanisi na uendelevu, na watetezi wake si watu wa kubezwa: wamo maofisa mipango waliochoka kupokea taarifa kumi zinazohesabu watu walewale, wahasibu walioshuhudia semina na posho zikila fungu lililokusudiwa kununua vitendanishi, na waganga wanaoamini, kwa sababu nzuri, kwamba tiba ya kisasa imekuwa kinga yenyewe. Hata hivyo maoni hayo ni potofu, na yakifuatwa yatagharimu maisha. Asasi za kijamii, yaani vikundi vilivyoanzishwa na wakazi, na waumini wa dini, na watu wanaoishi na VVU, au na wale walio katika hatari kubwa ya kuambukizwa, zinaposhirikiana hufanya sehemu ya kinga ambayo hospitali haiwezi kuifanya hata ikiongezewa fedha kiasi gani. Na kasoro zinazotajwa kuwa ushahidi dhidi yao zimetokana na namna zinavyolipwa, wala hazikutokana na wingi wao.

Hoja nzito kuliko zote za upande wa pili ni ile ya tiba, na ndiyo inayostahili kujibiwa kwanza. Mwaka 2011 utafiti wa kimataifa ujulikanao kama HPTN 052, uliowahusisha wenza ambao mmoja wao ana VVU na mwingine hana, ulionyesha kwamba kuanza mapema dawa za kufubaza virusi, yaani dawa zinazozuia virusi kuzaliana mpaka kiasi chake katika damu kishuke mno, kulipunguza uambukizaji kati ya wenza hao kwa asilimia 96. Tangu hapo imekuwa rahisi kusema kwamba kazi iliyobaki ni ya kliniki ya tiba na matunzo: mtu apimwe, apewe dawa, na uambukizaji utakwisha. Lakini takwimu za Tanzania yenyewe zinasema jambo jingine. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022–2023 ulikuta kwamba, miongoni mwa watu wenye VVU wa umri wa miaka 15 na zaidi, asilimia 82.7 walijua hali zao. Miongoni mwa waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa. Na miongoni mwa waliotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Tarakimu hizi hutangazwa kama ushindi, na kwa kweli ni ushindi mkubwa wa wauguzi na waganga wa nchi hii. Ila zikisomwa kwa mfuatano zinaonyesha mahali pengo lilipo. Katika kila watu 100 wenye VVU, takribani 83 wanajua, 81 wanatumia dawa, na 76 wamefubaza virusi. Kwa hiyo kati ya watu 24 wanaokosekana mwishoni, 17 wamekosekana kabla hawajafika kwenye kliniki yoyote. Hospitali ikishampata mtu humpoteza kwa nadra, bali tatizo lake ni yule ambaye haijapata kumwona. Kulijibu tatizo hilo kwa kuirudishia hospitali kazi yote ni kuimarisha hatua ambayo tayari ni imara, na kuiacha dhaifu ile iliyo dhaifu.

Jambo hilohilo linaonekana kwa uwazi zaidi katika kinga ya mtu asiye na virusi. Dawa kinga, ambayo mtu asiye na VVU huitumia kabla ya kukutana na hatari ili asiambukizwe, inamhitaji mtu anayejiona mzima akatafute dawa. Na mtu anayejiona mzima hana sababu ya kukaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri. Ndivyo ilivyo pia kwa kondomu na kwa vipimo vya kujipima mwenyewe, ambavyo sheria ya Tanzania iliviruhusu baada ya marekebisho ya 2019. Saa za kazi za kliniki nyingi ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, ilhali hatari inayozungumzwa hapa ina saa zake: usiku wa mwisho wa mwezi kwenye baa za barabara kuu, mialo ya wavuvi boti zinaporudi, na maegesho ya malori ambapo dereva hulala usiku mmoja tu na kuondoka.

Historia nayo haiwaungi mkono wanaodhani kwamba asasi ni kiambatisho cha hospitali. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa na wagonjwa. Lakini mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulianza 2004. Kwa miongo miwili hospitali ilikuwa na dawa za magonjwa nyemelezi tu, yaani yale yanayouvamia mwili ambao kinga yake imekwisha kudhoofika. Katika miaka hiyo Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha asasi ya TASO nchini Uganda mwaka 1987, mwaka uleule alipofiwa na mumewe kwa ugonjwa huo. WAMATA ikaundwa Dar es Salaam 1989. PASADA ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam ikaanza 1992. Na SHDEPHA+, iliyoundwa na watu wanaoishi na VVU wenyewe, ikafuata 1994. Ushauri nasaha, ziara za majumbani, kumsaidia mtu kumwambia mwenza wake ukweli na kuwalea yatima vilikuwa kazi ya kila siku ya vikundi hivyo kabla havijawa aya katika miongozo ya wizara. Hata WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU ambao leo huketi kliniki wakiwapokea waliopimwa siku hiyo na kukutwa na virusi, wanaifanya hospitalini kazi iliyozoeleka kwanza katika vikundi.

Linabaki neno marudio, ambalo halifai kupimwa ofisini bali pale kazi inapofanyika. Pwani ya Afrika Mashariki, tangu heroini ilipoenea, VVU vimewapata wanaojidunga sindano kwa kiwango kinachopita mara nyingi kile cha watu wengine. Hata Zanzibar, ambako kiwango cha jumla kiko chini ya asilimia 1, kundi hilo limeumia vibaya. Jibu la kitaalamu ni upunguzaji wa madhara, utaratibu unaomlinda mtumiaji asipate VVU na homa ya ini hata kabla hajaacha dawa za kulevya, kwa kumpa sindano safi, na kwa kumpa methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto, yaani mateso ya mwili ulionyimwa heroini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, nalo shirika la Médecins du Monde katika miaka hiyohiyo lilikuwa likigawa sindano safi wilayani Temeke. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na anayekosa siku kadhaa mfululizo hupangiwa dozi upya. Kazi hiyo ni ya hospitali, na hakuna asasi inayodai kuiweza.

Lakini mraibu hafiki kwenye dirisha la dawa kwa kusikia tangazo redioni. Mwelimishaji rika, yaani mtu wa kundi lilelile aliyefunzwa kuwaelimisha wenzake, huingia maskani kwa saa aliyoichagua kwa makini, kwa sababu mtu aliyeshikwa na arosto, anayetetemeka na kutokwa na kamasi, hasikilizi neno mpaka apate kete yake, na aliyekwisha kuipata husinzia. Kati ya hali hizo mbili upo muda mfupi wa mazungumzo, na anayeujua vizuri ni yule aliyewahi kuishi humo. Huja na kisanduku kigumu cha kukusanyia sindano zilizotumika, huhesabu zinazorudi na zinazotoka, hutazama majeraha ya mikono, na siku nyingi huondoka bila kumpata hata mmoja aliye tayari kwenda kliniki. Siku anapopatikana mmoja, hafanyi kumwandikia karatasi tu, maana karatasi huishia mfukoni. Hufanya rufaa ya kusindikizwa, yaani hupanda naye daladala, hukaa naye foleni, na hujibu pamoja naye maswali ya mapokezi. Kuanzia hapo asasi nyingine huingia: moja ina mahali pa kuoga na kupumzika mchana, nyingine inazungumza na mama aliyekwisha kumfungia mwanawe mlango, nyingine yenye wasaidizi wa kisheria inakutana na mkuu wa kituo cha polisi ili watu wasikamatwe wakielekea kunywa dawa. Katika ripoti ya halmashauri mtu huyo huonekana mara nne, na hapo ndipo neno marudio linapozaliwa. Katika maisha yake hakuna hatua hata moja iliyojirudia.

Husemwa pia kwamba asasi zenye imani zinazopingana haziwezi kushirikiana, na kwamba bila kuzipatanisha kwanza ushirikiano ni jina tu. Pwani ya Kenya inatoa jibu. Ugawaji wa sindano safi ulipoanza huko mnamo 2012, viongozi wa dini na wazazi wengi waliuona kuwa ni kuuhalalisha ulevi wenyewe, na hofu yao haikuwa ya kijinga, kwani walikuwa wamezika vijana wao. Hata hivyo MEWA, asasi ya Kiislamu ya Mombasa, Reachout Centre Trust ya mji huohuo, Omari Project ya Malindi na Teens Watch ya Ukunda zilifanya kazi ndani ya mpango mmoja chini ya mtandao wa KANCO, ingawa zilitofautiana katika asili na katika msisitizo. Na Kenya ilipoanza kutoa methadoni katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi 2015, tayari pwani palikuwa na watu waliozoea kuwafikia waraibu. Masheikh walihitaji kuzungumza na mtu wanayesali naye, na vijana wa vichochoroni walihitaji mtu asiyewahukumu. Ni nadra mtu mmoja kuwa vyote viwili. Asasi isiyogawa kondomu kwa sababu ya imani yake inaweza kumlea mgonjwa, kumhimiza apime, na kumwambia kwamba yapo mengine anayoweza kuelezwa kwa jirani, na haijaisaliti imani hiyo. Kinachotakiwa ni kila moja kujua mpaka wake na kuutamka waziwazi. Zikiunganishwa ziwe asasi moja, tofauti hizo, ambazo ndizo zinazomfungulia kila mtu mlango anaouamini, zitafutwa kwa amri, na atakayebaki nje hatahesabiwa na yeyote.

Kwa wanaodai ushahidi wa kisayansi, upo, tena wa hapa hapa. Mkoani Iringa, kati ya 2015 na 2017, mradi wa utafiti uitwao Shikamana uliwafuatilia wanawake 496 wanaofanya biashara ya ngono katika jamii mbili, moja ikipata huduma za kawaida na nyingine ikipata mkusanyiko wa huduma ulioongozwa na wanawake hao wenyewe: kituo chao cha kukutania, waelimishaji rika waliokwenda kwenye baa, upimaji palepale kwenye baa, wenzao waliowasindikiza kliniki, na mafunzo kwa wahudumu wa afya ili wawapokee kwa heshima. Baada ya miezi 18, miongoni mwa waliokuwa hawana VVU mwanzoni, asilimia 10.4 walikuwa wameambukizwa katika jamii ya huduma za kawaida, na asilimia 5.0 katika jamii ya pili. Utafiti huo ni mdogo, na mtu mwangalifu hatausimamishia sera nzima. Lakini mwelekeo wake hauna utata, na la kuzingatia zaidi ni kwamba hospitali zilikuwepo katika jamii zote mbili. Tofauti ilitoka kwa wanawake walioungana na kwa kliniki iliyokubali kuwasikiliza.

Siku hizi limeongezeka pingamizi jipya, nalo linatokana na jambo jema. Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwa na wahudumu 137,294 katika vitongoji na mitaa, na wapo wanaosema kwamba wahudumu hao watachukua nafasi ya asasi. Mpango huo unastahili kuungwa mkono kwa chanjo, uzazi salama, lishe, malaria na kifua kikuu. Kwa VVU una mpaka ambao hauwezi kuondolewa kwa mafunzo, kwa kuwa nguvu ya mhudumu wa mtaa ni kwamba kila mtu anamjua na yeye anamjua kila mtu, na hiyo ndiyo sababu mwanamke anayeuza ngono kwa siri, au mume wa watu mwenye wasiwasi na hali yake, hatamfungulia moyo jirani ambaye jioni atakaa kibarazani na mama mkwe. Watu hao humtafuta mtu wa mbali kidogo, anayeyajua mambo yao lakini haujui ukoo wao. Mhudumu wa mtaa na mwelimishaji rika wanahitajiana, na mmoja akifutwa kwa jina la mwenzake, wote wawili wanapungukiwa.

Haya yote hayakanushi kwamba kasoro zipo. Zipo asasi za mfukoni, zenye mhuri na akaunti bila watu. Wapo waelimishaji waliogombania wateja kama makondakta wa daladala wanavyogombania abiria kituoni. Na vipo vikao vya uratibu ambavyo kazi yake kubwa ilikuwa kusainia posho. Ila chanzo chake kifuatiliwe mpaka mwisho. Mfadhili aliipa kila asasi idadi ya watu wa kufikia kwa robo mwaka na kuilipa kwa hesabu hiyo, kwa hiyo kumpeleka mtu kwa asasi nyingine kulikuwa sawa na kujipunguzia hesabu na fedha. Na kliniki iliyompokea ilimsajili kama wake, bila kumjulisha aliyemleta kwamba amefika. Katika mpangilio kama huo hata malaika wangeficha orodha zao. Kuzipunguza asasi na kuuacha mpangilio ni kuhakikisha kwamba chache zitakazobaki zitaendelea na tabia ileile, tena bila mshindani wa kuziumbua.

Gharama ya kuiona kazi hii kuwa ya pembeni ilionekana 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na msamaha uliotolewa baadaye kwa huduma za kuokoa maisha uliruhusu tiba iendelee, lakini ukaibana dawa kinga chini ya PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Katika nchi nyingi waliotangulia kuambiwa warudi nyumbani walikuwa waelimishaji rika na wasindikizaji, kwa kuwa walilipwa posho bila ajira rasmi, na hivyo kumwondoa mmoja wao hakukuhitaji hata barua ya miezi mitatu. Na serikali nyingi, ambazo Juni 2021 katika Umoja wa Mataifa zilikuwa zimekubali kwamba ifikapo 2025 asilimia 80 ya huduma za kinga kwa makundi yaliyo katika hatari zaidi zitolewe na asasi zinazoongozwa na jamii zenyewe, hazikuwa na kifungu chao zenyewe cha kuzilipa asasi hizo. Ni aibu, na haifai kupambwa kwa neno uendelevu. Fedha zilipopungua ziliondolewa hasa pale pengo lilipo, kwa yule mmoja kati ya sita ambaye hajajua hali yake na kwa yule ambaye bado hajaambukizwa.

Na isidaiwe kwamba serikali za mitaa hazina uwezo wa kufanya kazi na vikundi vidogo. Halmashauri za Tanzania zinawajibika kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa sababu hiyo zina maofisa wanaovijua vikundi hivyo, katiba zake na akaunti zake. Zina mratibu wa UKIMWI wa halmashauri na kamati za UKIMWI hadi ngazi ya kijiji, na katika wilaya zina Konga, umoja wa watu wanaoishi na VVU ulio chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA. Upo Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI ulioundwa kwa marekebisho ya sheria ya 2015. Kinachokosekana ni mkataba wa huduma, yaani makubaliano ambayo kwayo halmashauri, badala ya kuwaomba watu wajitolee, hununua kazi kutoka kwa asasi zilizoomba kwa pamoja na kugawana majukumu kwa maandishi: nani anaingia maskani, nani yuko kwenye mialo, nani anazungumza na misikiti na makanisa, na nani anafuatilia waliokosa miadi. Kila mtu apewe namba moja ya utambulisho isiyotaja jina lake, itakayotumiwa na asasi zote na kliniki, ili ahesabiwe mara moja. Na malipo yatolewe anapofika na anapoendelea na huduma, yakigawanywa kati ya aliyempata, aliyemsindikiza na aliyempokea. Kliniki nayo ilazimike kurudisha jibu kwa asasi kila wiki kwamba rufaa fulani imefika au haijafika, kwa sababu mwelimishaji asiyejua kwamba mtu wake hakufika hana namna ya kwenda kumtafuta tena. Na malipo yafanyike kila mwezi, kwani asasi ya watu kumi isiyo na akiba haiwezi kungoja robo mwaka ipite huku wasindikizaji wake wakikosa nauli.